Finjani ya Mzee Ghalib

Watu wa ofisi yetu wakikwambia Mzee Ghalib alikuwa "yule mzee wa makaratasi", usiwasikilize sana. Makaratasi yalikuwa kazi yake, sikatai. Lakini mimi nimemjua miaka minane, nimekula kwake, nimelia kwake, na bado naudhika nikisikia akitajwa kwa neno moja, kana kwamba ni kabati lililohamishwa.

Kazi yenyewe huitwa muakibu. Hapa Saudia kila kampuni ilikuwa na wake, mtu wa kufuatilia karatasi kutoka dirisha moja la serikali hadi jingine: ikama za wafanyakazi, yaani vibali vyao vya ukaazi, leseni za magari, vibali vya hiki na kile. Mzee Ghalib alitembea na faili la kijani lenye ndoano, lile ambalo kila mtu nchi hii analijua na analicheka, na ndani yake mlikuwa na maisha ya watu mia tatu. Alijua karani gani amefiwa, nani ana mtoto mgonjwa, nani hasemeshwi kabla hajanywa kahawa. Hakuwahi kuhonga mtu. Alikaa, akauliza hali, akangoja. Mara nyingi alirudi na muhuri wakati vijana wenye haraka walirudi na hasira.

Na mtu huyu aliyewatafutia wenzake ikama maisha yake yote, yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ikama katika mji aliozaliwa.

Alizaliwa Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, mwaka 1964. Mama yake alimvusha bahari akiwa tumboni, baada ya mapinduzi ya Unguja. Baba yake alipata ukarani kwa wakala mmoja wa meli, na kila mwaka alisema neno lile lile: "Mwakani tunarudi." Sanduku lake la ngozi lilikaa chini ya kitanda, limefungwa, nguo zimo ndani. Wenzake wa Unguja walipokuwa wakipeleka maombi ya uraia walimpitia mlangoni waende pamoja. Akawaambia, nendeni nyinyi, mimi nina kwetu. Wakaenda, wakaandikwa. Yeye akabaki na sanduku lake, na akafa akiwa bado anaingoja mwakani. Mzee Ghalib hakumlaumu baba yake hata siku moja. Mimi ndiye niliyemlaumu, moyoni, mara nyingi, na sijamwona hata kwa picha.

Basi Ghalib akakua na pasi ya Tanzania aliyopewa ubalozini, nchi aliyoijua kwa hadithi, na ikama ya kufanywa upya kila mwaka. Akamwoa Bi Jokha, naye ni wa hao hao waliozaliwa Jeddah. Binti yao wa pekee, Lina, ameolewa mtaa wa pili na Sultan, fundi wa lifti, kijana wa asili yao. Sultan naye ni mtu wa ikama, na mwenye ikama hawezi kumdhamini mkwewe. Kwa hiyo wazee wale wawili, na kuwaona kwao wajukuu kila alasiri, vilining'inia kwenye karatasi moja tu, na karatasi hiyo alikuwa nayo kafili, mdhamini wake, yaani kampuni.

Sasa nije kwa bosi.

Jina lake Régis Fontanel, Mfaransa. Sisi tulimwita Mista Reji. Wasifu wake uko mtandaoni, yeyote anaweza kuusoma. Alianza na treni huko kwao Lyon, akaenda kwenye mabasi ya viwanja vya ndege, kisha mwaka 2017 akaletwa Riyadh kuongoza kampuni ya mabasi ya kubeba wafanyakazi na wasafiri. Miaka minne baadaye, utalii, Jeddah. Leo yuko juu zaidi. Kila mstari wa wasifu ule ni kipago kingine cha ngazi. Mimi nikiusoma namwona tu aliyeishikilia ngazi chini.

Hakuwa mtu mbaya. Alisema asante, alikumbuka majina yetu, alijua watoto wa nani wanafanya mtihani. Mtu mbaya unamjua mapema ukajikinga.

Alipofika Riyadh hakuwa na mahali pa kulaza mabasi yake. Mabasi mia mbili yalikuwa yanakuja na kiwanja hakuna. Kulikuwa na ardhi moja nzuri upande wa mashariki, karibu na Al-Naseem, lakini mwenyewe alikuwa mzee mkaidi ambaye alishawakataa wahandisi mara tatu, na ramani zao na tarakilishi zao. Kule Ufaransa wakubwa wakaanza kuuliza kama wamemtuma mtu anayefaa. Ndipo Mzee Ghalib, aliyekuwa ameifuata kazi huko Riyadh na kuajiriwa miezi miwili tu, akamwambia Mista Reji: twende mimi na wewe, bila ramani.

Mzee mkaidi mwenyewe alikuwa baba wa nyumba niliyokuwa nafanya kazi. Nilikuwa mwaka wangu wa pili pale, mfanyakazi wa ndani kutoka Bungoma, nalala chumba cha kando ya mashine ya kufulia. Siku hiyo madam aliniambia nipike kahawa ya wageni. Nikaipika ya hiliki, kama alivyonifundisha, nikaijaza kwenye dele, birika lake, ikapelekwa majlisi, sebule ya wageni. Baada ya muda dele likarudi jikoni karibu limejaa. Wageni hawakuwa wamekunywa. Nikajua nimeunguza buni. Madam akaonja, akatikisa kichwa, kahawa haikuwa na kasoro. Kisha sauti za kicheko zikatoka majlisini, na baba akapaza sauti iletwe kahawa nyingine, moto, na tende.

Ni baadaye sana Mzee Ghalib alinieleza kilichotokea. Njiani kwenye gari alikuwa amemfundisha Mista Reji.

"Nilimwambia, leo habari ya kiwanja usiitaje kabisa. Ukipewa finjani, ipokee kwa mkono wa kulia, uiweke chini mbele yako. Usinywe. Kaniuliza, kwa nini? Nikamwambia, hapa mgeni asokunywa kahawa ana haja. Mwenye nyumba akimwacha atoke na finjani imejaa, aibu ni yake yeye mwenye nyumba. Akikwambia kunywa, basi ujue umepewa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Baba aliitazama finjani iliyowekwa chini, akamtazama Mfaransa, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Kunywa. Kiwanja ni chako." Mista Reji alipanda ngazi yake ya kwanza Arabuni kwa finjani moja ya kahawa niliyoipika mimi.

Walipokuwa wakitoka, mimi jikoni nilikuwa nalitukana jiko kwa Kiswahili, kwa sababu lilikuwa limeniunguza kidole. Mzee Ghalib akasimama uani.

"Nani huyo anotukana lugha ya watu na mawe mdomoni?"

Nilishtuka karibu nidondoshe sinia. Kwa miezi kumi na minane sikuwa nimesikia Kiswahili kutoka kwa mtu aliyesimama mbele yangu. Nikamjibu kutoka nyuma ya mlango, "Ni mimi Metrine, Mzee. Na hii ndio Kiswahili yetu, tutafanya nini?"

"Basi tutakufunza, mwanangu. Pole na kidole."

Mwaka uliofuata madam alihamia kwa binti yake, na mimi nikawa sihitajiki tena. Nilikuwa narudishwa Kenya, na nyumbani kulikuwa na mama anayenitegemea. Mzee Ghalib alimwendea baba, akakaa, akanywa, akaongea habari za mvua na ngamia, na mwisho wa yote baba akakubali nihamishiwe kampuni. Karatasi zangu zikaingia kwenye faili la kijani. Ilimchukua miezi minne na madirisha ambayo sijui idadi yake. Nikawa mhudumu wa kahawa ofisini kwa Mista Reji, nikiwa na chumba chenye dirisha, na siku ya Ijumaa ni yangu. Nilimpigia mama nikalia hadi vocha ikaisha.

Mwaka 2021 Mista Reji akapewa kampuni ya utalii Jeddah, mabasi yasiyo na paa ya kutembeza wageni kando ya bahari, kwenye Corniche, ziara za nyumba za kale, mambo kama hayo. Alituchukua sisi wawili. Mzee Ghalib, ambaye miaka minne yote alikuwa akipanda basi la mwendo wa saa kumi na moja mara moja kwa mwezi ili amwone mkewe aliyebaki Jeddah, alirudi kwake Al-Baghdadiyah akiwa kama mtu aliyetoka jela. Mimi nikapanga mtaa wa Bani Malik na Wakenya wenzangu, na kila Ijumaa nikachukua teksi ya kuchangia hadi kwa Bi Jokha, kula pilau na kutukanwa. Bi Jokha ana ulimi. "Umekonda, Metrine. Huko Bani Malik mnakula upepo?" Kisha anakupakulia mpaka unataka kuomba msamaha.

Hiyo ilikuwa miaka yake mizuri. Mitatu tu.

Kazi lakini ilikuwa inamfia mkononi. Serikali ilikuwa imehamishia kila kitu kwenye simu. Kijana wa ofisini akikaa na chai yake, kabla haijapoa ameshafanya ikama arobaini upya. Madirisha ambayo Mzee alikuwa ameyajengea urafiki miaka thelathini na mitano yakafungwa moja moja. Meza yake ikasogezwa karibu na mashine ya fotokopi. Aliendelea kuja kila siku, kanzu imepigwa pasi, faili kwapani, na mara nyingi ndani ya faili hakuna kitu. Nilimwona siku moja akilifungua, akatazama, akalifunga. Iliniuma, nikaenda kumtengenezea kahawa bila kuombwa.

Mwaka juzi mambo mawili yakaja mwezi mmoja. Mista Reji akapata cheo kikubwa katika kampuni nyingine, Ulaya. Na Mzee Ghalib akatimiza miaka sitini.

Danson, Mkenya mwenzangu wa kitengo cha wafanyakazi, alimwita mezani kwake. Nilikuwa nimeleta vikombe, nikasikia yote.

"Mzee, hii kitu ni ya kampuni nzima, si wewe tu," Danson alisema, haoni raha. "Mtu akifika sixty, ikama hairenewiwi. Yako inaisha Rajab. Njia ni moja. Director aandike kwamba anakuhitaji. Hii hapa form, ni page moja, signature moja. Lakini bosi anatoka Thursday, na huyu mwenye anakuja ameshasema hataki exception hata moja."

"Akisaini yeye kabla hajenda?"

"Akisaini, halas, imeisha. Uko ndani."

Mzee akaichukua ile fomu kwa mikono miwili, akaitia kwenye faili la kijani. Ilikuwa karatasi pekee mle ndani.

Nilimfuata hadi kwenye ngazi. "Mzee, si umwambie tu? Ingia, sema, Mista Reji, sign hapa. Dakika moja. Huyo mtu anakupenda."

"Nitakwenda Jumanne," alisema. "Nitakwenda kwa heshima."

"Heshima gani? Sema tu!"

Alisimama, akanitazama kwa ule upole wake ambao ulikuwa unanikera. "Metrine, mtu huyu mie ndiye nilomfunza kuomba. Alipokuwa na haja kwa watu nilimwambia weka finjani chini, akaweka, akapewa. Sasa mwenye haja ni mie. Nikamwombe kwa mdomo kama mtu asomjua? Nitaiweka. Ataijua."

Kuna watu watakaosema hiyo ni kiburi. Bi Jokha alisema hivyo na anasema mpaka leo. Mimi nadhani ilikuwa kitu kingine. Maisha yake yote alikuwa amekaa kwenye viti vya kungojea vya watu, akiomba kwa ajili ya wengine. Mara hii moja alitaka aulizwe, "Haja yako ni nini, Ghalib?" Alitaka mtu aanze yeye.

Jumanne asubuhi alikuja na kanzu nyeupe yenye wanga na sanduku la halwa aliyoipika Bi Jokha mwenyewe. Ofisi ya Mista Reji ilikuwa nusu imefungashwa, picha zimeshushwa ukutani. Alimkumbatia Mzee, akamkalisha kwenye kochi, akaipokea halwa kwa furaha. Mimi nikaingia na dele. Nilikuwa nimeipika kahawa ile kwa hiliki kama ya madam wa Riyadh, vipimo vile vile, nikiomba Mungu moyoni kama mtu anayeingia mtihani.

Nilimmiminia bosi, akanywa. Nikammiminia Mzee Ghalib. Akaipokea finjani kwa mkono wa kulia. Akaiweka juu ya meza. Akakunja mikono juu ya faili la kijani lililokuwa magotini pake, akangoja.

Mista Reji aliitazama ile finjani. Naapa aliitazama kitambo. Niliona macho yake yakitulia pale na nikajisemea, anakumbuka, sasa anakumbuka, sema, bwana, sema kunywa. Kisha akainua uso, akanitazama mimi.

"Metrine, kahawa leo si nzuri?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Nimeirudia sekunde ile mara elfu. Ningesema, sir, kahawa ni nzuri, Mzee ana ombi, fungua hilo faili. Maneno kumi. Lakini mhudumu wa kahawa haingilii maneno ya wakubwa, hiyo ndiyo kanuni ya kwanza niliyofundishwa nchi hii, na ikama yangu pia ilikuwa ya kampuni ile ile.

"Sijui, sir," nikasema.

"Basi mletee chai. Siku hizi naona anapenda chai."

Nikaleta chai. Mzee Ghalib akainywa yote, polepole, mpaka chini. Walizungumza habari za wajukuu. Mista Reji akasema, bila wewe nisingefika nilipofika, na alilisema kwa macho yenye unyevu, nilimwona. Kisha simu ikalia, akaomba radhi, akaipokea. Mzee akasimama, akaweka mkono kifuani, akatoka. Finjani ilibaki juu ya meza, imejaa, utando umeanza kuota juu. Niliibeba nikaimwaga kwenye sinki.

Nilimkuta karibu na lifti.

"Kasahau," aliniambia kabla sijasema neno. "Miaka saba, mwanangu. Mtu ana mambo mengi."

"Rudi ndani sasa hivi umwambie. Mimi nitasimama na wewe."

"Nimwambie nini? Finjani ishakaa ikapoa. Nikisema sasa, hilo si ombi tena, hiyo ni sadaka natafuta."

Nyumbani kwake jioni hiyo Bi Jokha alimwaga yote. "Mfaransa yule, Ghalib! Si Mbedui! Wewe unamwekea mafumbo mtu wa treni? Mdomo Mungu kakupa wa nini?" Lina alikaa kando ya mama yake akilia bila sauti, mtoto amemlalia mapajani. Nilitamani ardhi inimeze, maana walikuwa hawajui kwamba niliulizwa.

Nikaamua, Alhamisi asubuhi, kabla ya keki ya kumuaga, nitamwambia mwenyewe. Nilipanga hata maneno, kwa Kiingereza. Nikayakariri kwenye teksi kutoka Bani Malik.

Alikuwa ameondoka Jumatano. Kikao kilisogezwa mbele huko Ulaya, akaenda uwanja wa ndege moja kwa moja kutoka hotelini. Ofisini nilikuta maboksi, waya za tarakilishi, na sanduku la halwa, limefunguliwa, kipande kimoja kimekatwa. Danson alimwandikia barua pepe. Ikajibu mashine kwamba Bwana Fontanel hayuko tena nasi na inamshukuru kila mtu. Mkurugenzi mpya aliitazama fomu, akairudisha. Mafi, hakuna, alisema, kwa upole tu, kwa neno la Kiarabu ambalo hata siku mbili hajamaliza nchini alikuwa ameshalijua.

Mzee Ghalib alijifanyia mwenyewe kibali cha kuondoka. Danson alimpa simu amwoneshe namna, akagusa hapa, akagusa pale, dakika tatu. Alicheka kidogo. "Miaka yote hii ningekuwa nalala nyumbani," alisema. Danson akageuka akajifanya anatafuta kalamu.

Waliondoka mwezi wa Rajab. Bi Jokha, ambaye hakuwa amewahi kuishi popote ila Al-Baghdadiyah, alivaa baibui jipya kama mtu anayekwenda harusini na hakusema neno tangu nyumbani hadi uwanja wa ndege, yeye na ulimi wake wote. Miongoni mwa mizigo yao kulikuwa na sanduku la ngozi la baba yake Ghalib. Mpini ulikatika wakati wa kupimwa uzito, Sultan akalifunga kwa kamba. Lina alimshika baba yake kanzu kwenye mlango wa abiria mpaka askari akasema yalla, yalla. Mimi alinikabidhi faili la kijani. "Utatia risiti zako," aliniambia. Liko chini ya godoro langu. Sijatia kitu.

Sasa wanakaa Unguja kwa mtoto wa binamu yake, chumba cha nyuma. Watu wa mtaa wanamwita Mwarabu. Anasema Kiswahili chake kinachekwa kwamba ni cha wazee waliokufa. Asubuhi huvaa, hutoka, huenda kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya ardhi, kwa sababu pana watu wenye makaratasi. Bi Jokha anaongea na wajukuu kwa simu, na mtandao ukikatika hukaa ameishika tu. Kila Ijumaa, baada ya sala, Mzee hunipigia.

Mwezi uliopita Sellah, ninayekaa naye chumba kimoja, aliniletea simu yake. "Metrine, si huyu ni bosi wenyu wa zamani?" Ilikuwa video ya mkutano wa utalii, Ulaya. Mista Reji jukwaani, amenenepa kidogo, suti nzuri, anaongea Kiingereza kuhusu kusikiliza tamaduni za watu.

Akasimulia habari ya kiwanja cha Riyadh na finjani iliyowekwa chini. Watu wakacheka pale pa kuchekea. Kisha akasema:

"Siku zangu za mwisho, mzee yule yule aliyenifundisha alikuja ofisini kwangu, akaiweka finjani yake mezani bila kunywa. Nilijua maana yake. Sikuwa na uwezo wa kumpa alichotaka, nilikuwa naondoka, na sikutaka kumwachia mwenzangu mzigo. Lakini ukimwambia mtu kama yule hapana, unamvunjia heshima. Basi nikamwagizia chai. Akaelewa. Tukaagana kama marafiki, na hakuna aliyeaibika. Hayo huyapati kwenye vitabu vya uongozi."

Wakampigia makofi. Nilirudisha video nyuma nikasikiliza tena, nikidhani Kiingereza changu kimenidanganya. Hakikunidanganya. Uwezo alikuwa nao, wa kalamu moja, mpaka Jumatano. Alijua. Alijua, na akanitumia mimi kumkatalia, kwa chai niliyoichemsha kwa mikono yangu. Asante ya punda mateke, wanasema, lakini punda angalau hapandi jukwaani kuyasimulia. Nilimchukia siku hiyo kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Nikajichukia na mimi.

Ijumaa Mzee akapiga. Akaniuliza kazi, akaniuliza mama yangu Bungoma, akalalamika kidogo juu ya joto la Unguja, yeye mtu wa Jeddah. Kisha nikajua kinachokuja, maana kila Ijumaa hukianza asikimalize.

"Mwanangu, ile siku. Ningelimwambia kwa mdomo, unadhani angelisaini?"

Nilikuwa na majibu mawili. Moja, la video ile, lingemwondolea kosa likamwondolea na rafiki, na ile miaka saba yote, na kiwanja, na kile alichoamini kwamba mtu ukimfunza adabu hubaki nayo. Jingine lingemwachia hayo, na kumwachia pia lawama ya kumtoa mkewe kwa wajukuu wake. Simu ilikuwa ya moto sikioni. Kwa mara ya pili mtu aliniuliza swali juu ya finjani ile.

"Angesaini, Mzee," nikasema. "Hakuelewa tu."

Akashusha pumzi. Nilimsikia Bi Jokha kwa mbali akiuliza ni nani kwenye simu.

"Basi kosa ni langu," Mzee Ghalib akasema, na nikamwacha nalo.